Boksi la Spika Lisilo na Wati

Tangu Agosti 2024, mtu anayeuza amplifaya ya nyumbani nchini Marekani, akitaka kutangaza wati zake, lazima azipime kwa namna moja: mzigo wa omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme), masafa yote kuanzia hezi 20 hadi 20,000, yaani kutoka besi nzito hadi sauti nyembamba kabisa, na kiwango cha sauti kuharibika kisifike asilimia 1. Ni marekebisho ya kanuni iliyotungwa mwaka 1974 na Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC. Habari zilipofika kwenye vijiwe vya wapenda muziki mnene huku kwetu, nilisikia zikitafsiriwa kwamba sasa kampuni kama Sonos, Apple na Bose, ambazo kwa miaka zimeuza spika za bei mbaya bila kusema zina wati ngapi, zimebanwa pabaya. Hazijabanwa. Kanuni hiyo, ile ya zamani na hii mpya, inamshika aliyetamka. Ukiandika wati utaulizwa umezipimaje. Usipoandika, hakuna wa kukuuliza.

Kilichonifanya nikae kuandika si kosa hilo la kusoma habari, bali dhana iliyo nyuma yake: kwamba anayenyamaza kuhusu wati ana jambo anaficha. Mimi naona kimya hicho kina haki. Kwa spika iliyobeba amplifaya yake ndani, namba ya wati haimwambii mnunuzi chochote atakachokisikia, na katika soko lililojaa namba za uongo, namba ya kweli humponza aliyeisema. Kosa la kampuni hizi ninaliona kwingine, na nitafika huko.

Kwanza tuelewane wati ni nini, maana muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kule Nairobi huzichanganya aina tatu kwa neno moja. Kuna wati za kula, yaani umeme ambao kifaa kinauvuta kutoka ukutani. Kuna wati za kutoa, zile ambazo amplifaya inazipeleka kwenye spika. Halafu kuna wati za kustahimili, kiasi ambacho koili ya spika inaweza kupokea kabla haijaungua. Spika kavu ya mbao, isiyo na amplifaya ndani, haina nguvu yoyote ya kwake. Zile wati 150 zilizoandikwa mgongoni mwake ni kama tani zinazoandikwa ubavuni mwa lori: zinakwambia usipakie zaidi ya hapo, hazikwambii lori linakimbiaje. Hata hivyo mtu atalinganisha spika mbili kavu, moja ya 100 na nyingine ya 150, akaondoka na ya 150 akiamini amepata sauti kubwa zaidi. Huenda amebeba yenye sauti ndogo.

Juu ya hizo tatu, soko letu lina wati za nne, na hizo hazipo. Ni zile za PMPO, herufi zinazodai kupima kilele cha nguvu ya muziki. Hakuna kipimo cha kimataifa nyuma yake. Kila kiwanda hujipigia hesabu kinavyopenda. Chukua sabufa iliyoandikwa wati 12,000 kwa maandishi ya dhahabu, uipigie hesabu ya mtoto wa sekondari. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni wati 2,990. Wati 12,000 zinahitaji zaidi ya ampea 52, kwa hiyo fyuzi ingekatika kabla msanii hajamaliza kujitaja jina. Kwenye LUKU ingekula yuniti 12 kwa saa; ukiicheza tangu adhuhuri mpaka magharibi, yuniti sabini na kitu zimekwenda. Ingekuwa sawa na kuchemsha mabirika sita ya umeme ya wati 2,000 kwa mpigo, bila kupumzika. Mtetezi atasema kilele hicho ni cha nukta ya sekunde tu. Sawa, lakini mnunuzi hakuja dukani kununua nukta ya sekunde.

Nilikaa siku moja kwa fundi redio wa Buguruni akiwa ameifungua sabufa ya namna hiyo. Ndani kulikuwa na transfoma inayoenea kiganjani, kipande cha bati la kupoza joto, na chipu tatu za amplifaya, aina ya TDA2030, zimefungwa kwenye bati hilo kwa skrubu. Kwa maelezo ya kiwanda chake, chipu hiyo inatoa wati 14 hivi kwenye spika ya omu 4. Tatu ni 42, endapo transfoma ina ubavu wa kuzilisha zote kwa pamoja, na ile haikuwa nao: kibandiko kidogo cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kilisema kifaa kizima kinakula wati 40. Mbele elfu kumi na mbili, nyuma arobaini, kasha ni lilelile. Na sabufa yenyewe, nikiri, ilikuwa inaunguruma vizuri tu mpaka koili ilipokwama.

Wamarekani nao walipita njia hiyo. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watengenezaji wao walikuwa wakishindana kwa majina ya kubuni, mara nguvu ya muziki, mara nguvu ya kilele, hadi amplifaya ileile ikawa na namba tatu nne kutegemea ni tangazo gani umesoma. Kanuni ya 1974 iliwakata maneno: taja wati endelevu, kwa omu ngapi, kwa masafa gani, kwa uharibifu wa sauti kiasi gani. Kabla ya kupimwa, amplifaya ilitakiwa iendeshwe saa nzima kwenye theluthi moja ya nguvu inayodaiwa, adhabu iliyozichemsha nyingi, na ni mwaka 2000 tu theluthi hiyo iliposhushwa hadi moja ya nane. Ilikuwa kanuni nzuri kwa zama zake. Amplifaya ilikuwa kasha linalojitegemea, spika unanunua kwa mwingine, na ulihitaji kujua kama viwili hivyo vitaelewana. (Si ajabu sana kwamba namba za nguvu zina harufu ya duka. James Watt, Mskoti ambaye jina lake ndilo kipimo chenyewe, alieneza hesabu ya nguvu ya farasi ili wanunuzi wa mitambo yake ya mvuke wajue wataachana na farasi wangapi.)

Sasa turudi kwenye sikio, kwa sababu ndiko wati zinakofia. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haimshtui mtu. Ili usikie sauti kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban desibeli 10, maana yake wati mara 10. Kwa hiyo ugomvi wa wati 80 na wati 100 ni ugomvi wa desibeli 1, ambayo wengi hawataisikia muziki ukiwa unapigwa. Kubwa kuliko wati ni usikivu wa spika yenyewe, yaani ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi. Spika ya 88 inahitaji wati 64 kufika desibeli 106. Spika ya 94 inafika palepale kwa wati 16. Mwenye amplifaya ya wati 16 na mwenye ya wati 64 watakuwa wanasikia ukubwa uleule wa sauti, huku mmoja akijigamba. Na hapo hatujagusa ukweli kwamba spika nyingi za nyumbani hugeuza chini ya asilimia 1 ya umeme wanaopewa kuwa sauti. Kilichobaki chote kinakuwa joto kwenye koili. Mtu anayesikiliza taarifa ya habari sebuleni kwake anatumia wati 1, mara nyingi hata haifiki.

Kwenye spika za kisasa zenye amplifaya ndani, mambo yanakuwa magumu zaidi. Spika kama HomePod ya pili ya Apple, iliyotoka mwaka 2023, ina wufa moja ya inchi 4, ile spika ya besi, na twita 5, zile ndogo za sauti nyembamba, na vyote vinaendeshwa kwa hesabu za kompyuta iliyomo ndani. Spika za aina hii husikiliza chumba, hupandisha besi ukipunguza sauti, na huibana besi hiyohiyo ukiongeza sauti ili wufa isigonge ukuta wake. Sasa niambie, uandike wati zipi? Amplifaya ya twita inaweza kuwa na uwezo wa wati 20 lakini muziki wa kawaida ukawa unaiomba 1 au 2, kwa sababu uzito wa muziki uko chini, kwenye ngoma na gitaa la besi. Ukijumlisha uwezo wa amplifaya zote kwenye kasha, unapata namba nzuri ya kuandika ambayo haitatumika hata siku moja. Ukipima kwa kufuata masafa yote ya kanuni ya Marekani, unailazimisha amplifaya ya twita icheze hezi 20, mngurumo ambao twita haijaumbwa kuutoa na programu haitaruhusu uifikie. Jibu la kweli lingekuwa grafu yenye mistari kadhaa, inayobadilika kwa sekunde na kwa joto la koili. Boksi la dukani halina nafasi ya grafu.

Ushahidi kwamba hizi si hadithi za kujitetea uko kwenye bidhaa za kampuni zenyewe. Sonos, inayokataa kutaja wati za spika zake na badala yake huhesabu tu idadi ya amplifaya zilizomo, inauza pia kifaa kinachoitwa Sonos Amp, ambacho mteja anakiunganisha na spika za kampuni yoyote. Hapo imeandika bila kigugumizi: wati 125 kwa kila upande, kwenye omu 8. Bose, ambayo mwanzilishi wake Amar Bose alikuwa profesa wa chuo cha MIT kule Marekani na kwa miongo imeshikilia kwamba vipimo vya karatasi haviagui masikio yatasikia nini, hadi mwaka 2023, ilipouza kitengo chake cha vifaa vya kumbi, ilikuwa na amplifaya ziitwazo PowerMatch, na moja yake ilitajwa kuwa na njia 8 za wati 500 kila moja. Kampuni zilezile zinasema pale mteja anapohitaji kuoanisha vitu viwili, na zinakaa kimya pale zilipokwisha kuvioanisha zenyewe kiwandani.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba wanaficha kwa sababu namba ni ndogo. Huenda kweli ni ndogo. Wufa ya inchi 4 haina mahali pa kupeleka wati mia tatu. Itazigeuza kuwa joto na harufu ya vanishi iliyoungua. Lakini fuatilia mantiki ya hoja hiyo. Kama nia ingekuwa kumhadaa mnunuzi, njia rahisi ingekuwa kuandika namba kubwa, kama wanavyoandika wengine bila kuulizwa na mtu, angalau nje ya Marekani. Tapeli haachi nafasi tupu kwenye boksi. Anayeacha nafasi tupu amepiga hesabu tofauti: akiandika ukweli, mathalani wati 50, kwenye rafu ileile yenye sabufa ya 12,000, amejitangaza kuwa dhaifu mara 240 kuliko kifaa ambacho kwa kweli kinakula wati 40. Anaona afadhali ajitoe kwenye mashindano kuliko kushindana na uongo kwa ukweli.

Kuna hoja ya pili yenye nyama zaidi. JBL wanataja wati na hawajafa njaa: PartyBox 310 yao imeandikwa wati 240, na yeyote aliyekaa karibu nayo kwenye kipaimara au sendoff anajua haitanii. Genelec wa Finland, wanaotengeneza spika za studio tangu 1978, wanataja wati za kila amplifaya iliyomo. Kwa hiyo inawezekana kuwa mkweli na kuuza. Nakubali, kwa sharti. PartyBox inauzwa kwa mtu anayetaka kelele, na namba yake kazi yake kubwa ni kumsaidia kuchagua kati ya ndugu zake mwenyewe, ile ndogo na ile kubwa. Genelec, kwa upande wao, pembeni ya wati wanaandika kitu kingine kinachozifanya wati zisiwe na umuhimu: desibeli za juu kabisa ambazo spika inafikia kwa umbali uliotajwa, na masafa ambayo inayafikia kwa uaminifu.

Hapo ndipo ninapoachana na Sonos, Apple na Bose. Hoja nzito dhidi yao haihusu wati hata kidogo. Ni kwamba wakishakataa kipimo kibovu hawatoi kizuri. Kwa kawaida hutapata kwao desibeli za juu kabisa wala besi inashuka hadi hezi ngapi. Utapata maneno: sauti inayojaza chumba, besi ya kina. Na hawawezi kusema kipimo hakipo. Kanada, kwenye Baraza la Taifa la Utafiti, watafiti wa sauti Floyd Toole na baadaye Sean Olive walitumia miaka wakiwakalisha watu nyuma ya pazia, wasikilize spika wasizoziona, kisha wakalinganisha walichopenda na vipimo vya maabara. Vilikubaliana kwa kiwango kikubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kiwango cha Marekani kinachoitwa CTA-2034, cha kuchora jinsi spika inavyotawanya sauti pande zote, na kipo kingine, CTA-2010, cha kupima sabufa inatoa desibeli ngapi kwa kila hezi kabla haijaanza kukwaruza. Hiyo ya pili ndiyo namba ambayo mtu wa Mbagala anayetaka mdundo ufike kwa jirani angeihitaji. Kampuni yenye maabara ya kutengeneza HomePod ina uwezo wa kuipima kabla ya chai ya saa nne. Kutoitoa ni uamuzi wa biashara: bidhaa isiyolinganishika haishushwi bei kwa kulinganishwa. Kunyamaza kuhusu wati kuna sababu za kihandisi. Kunyamaza kuhusu kila kitu hakuna.

Kwa hiyo marekebisho ya FTC, pamoja na uzuri wake, yamenoa panga la vita vilivyokwisha. Yatasafisha amplifaya za kusimama peke yake na risiva za sinema ya nyumbani, na huko kulikuwa na uchafu wa kutosha, hasa kwa vifaa vya njia tano au saba vinavyopimwa njia moja ikifanya kazi. Hayatagusa spika zinazonunuliwa na watu wengi zaidi leo. Na yanaweza kuongeza kimya, kwa sababu mtengenezaji wa spika yenye amplifaya ndani, akiangalia kipimo kisichomfaa na adhabu ya kukosea, atafuta mstari wa wati aende zake.

Huku kwetu ningependa mjadala ugeuke kabisa. Kuna wati zinazotuhusu, na hizo hakuna anayezificha: wati za kula. Mwenye sola na inveta ya wati 300 kule Sumbawanga hana haja na PMPO, anataka kujua kama sabufa, taa nne na televisheni vitamfikisha saa nne usiku. Jibu liko kwenye kibandiko cha nyuma, kwa maandishi madogo, na ndilo la kuaminika kuliko yote kwenye kasha, maana kinahusu moto na usalama, si kuuza. Anayefunga spika za kanisa, msikiti au ukumbi bado anazihitaji wati za kutoa na za kustahimili, zote mbili, pamoja na omu, la sivyo ataunguza koili mwezi wa kwanza. Lakini kwa anayenunua kasha moja la sebuleni, muulize muuzaji afungue sauti mpaka robo tatu kwa wimbo unaoujua, simama mita tatu, sikiliza kama sauti ya mwimbaji inakwaruza. Duka likikataa kuwasha, hilo nalo ni jibu.

Yule fundi wa Buguruni alibadilisha wufa, akarudisha skrubu, akaijaribu. Mwenye sabufa, kijana aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na ameiona transfoma kwa macho yake, akauliza, "Sasa fundi, kwa kweli hii ni wati ngapi?"

"Mbele wamekuandikia ngapi?"

"Elfu kumi na mbili."

"Basi mdogo wangu," fundi alisema akifuta vumbi usoni mwa kasha kwa kanga kuukuu, "hiyo stika usiibandue. Siku ukitaka kuiuza itakusaidia."